Kupenda Kuogopa

Mtu aliyeshika chaki kwa zaidi ya miaka 30, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo akaongoza shule, hatarajiwi kukiri jambo kama hili, lakini nalikiri: napenda filamu za kutisha. Sisemi hizi za siku hizi ambazo damu humwagwa kama maji ya kudekia. Nasema zile za zamani, nyingi zikiwa za rangi nyeusi na nyeupe, ambazo hata zilipokuwa mpya hazikupewa heshima kubwa, na baadaye zikaachiwa televisheni izionyeshe usiku wa manane, saa ambayo watu wenye busara zao wamekwisha kulala.

Mwaka jana mjukuu wangu alipokuja kunitembelea wakati wa likizo alinitafutia filamu tatu za namna hiyo kwenye kompyuta yake. Nilimtajia majina, naye akazipata mara moja. Nilishangaa, maana nilikuwa nimezihesabu miongoni mwa vitu vilivyokwisha potea duniani. Tukazitazama pamoja, kila usiku filamu moja. Nilidhani najiburudisha tu kwa kumbukumbu za ujana. Kumbe nilikuwa nafukua jambo ambalo nimelifukia tangu 1980, na pamoja nalo swali ambalo napenda msomaji anisaidie kulifikiri: je, mtu ana haki ya kumtisha mwenzake kwa ajili ya burudani?

Nianze na mahali nilipozipendea. Mwaka 1977 nilikuwa mwalimu kijana, mhitimu wa chuo cha ualimu, nikapelekwa Uingereza kwa mwaka mmoja kujiongezea ujuzi wa kufundisha Kiingereza. Nilipanga chumba mjini Leeds katika nyumba ya mama mmoja mjane, pamoja na mwalimu mwenzangu kutoka Malawi. Chumbani kulikuwa na jiko la gesi ambalo halikuwaka mpaka ulitumbukizie sarafu, na sebuleni kulikuwa na televisheni. Kwetu sisi wawili televisheni ilikuwa kitu kigeni. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, lakini Tanzania Bara haikupata kituo chake mpaka 1994, na Malawi ilikawia zaidi.

Katika miaka hiyo televisheni ya Waingereza iliziweka filamu za kutisha mwishoni kabisa mwa ratiba. BBC2 ilikuwa na mpango maalumu wa majira ya kiangazi: Jumamosi usiku walionyesha filamu mbili kwa mpigo, aghalabu kwanza ya zamani, kisha ya karibuni zaidi. Mama mwenye nyumba alikwenda kulala mapema, akituonya tusisahau kuzima taa. Sisi tulibaki tumejifunika blanketi moja magotini, watu wazima wawili wenye vyeti vya ualimu, tukiogopa kama watoto.

Niruhusu nizieleze hizo tatu, maana huenda hukuziona.

Ya kwanza ni The Plague of the Zombies ya mwaka 1966, iliyoongozwa na John Gilling. Katika kijiji kimoja cha Cornwall watu wanakufa ovyo bila maradhi yanayoeleweka. Mwishowe inagundulika kwamba bwana mkubwa wa kijiji, ambaye alijifunza mambo ya giza huko Haiti, anawatoa maiti makaburini wakamchimbie madini ya bati. Hawalipwi, hawali, hawalalamiki.

Ya pili ni Night of the Demon ya mwaka 1957, kazi ya Jacques Tourneur. Humo mna kipande cha karatasi chenye maandishi ya kale. Anayekabidhiwa bila kujua hufa siku iliyopangwa, isipokuwa afaulu kuirudisha mikononi mwa yule yule aliyempa. Mchawi mwenyewe si mtu wa kunuka mauti. Ni mcheshi, na katika sehemu moja amejipaka rangi za mchekeshaji, anawafanyia watoto wa kijiji mazingaombwe bustanini kwake.

Ya tatu, ambayo niliipenda kuliko zote, ni I Walked with a Zombie ya mwaka 1943. Aliyeiongoza ni Tourneur huyo huyo, na mtayarishaji wake ni Val Lewton. Ni fupi, haizidi dakika 70. Muuguzi kutoka Kanada anakwenda kisiwa kimoja cha Karibi kumtunza mke wa mwenye shamba la miwa. Mke huyo anatembea lakini hasemi wala hana hiari. Usiku mmoja muuguzi anamshika mkono, wanapita katikati ya miwa kwenda ngoma zinakolia, na njiani amesimama mtu mweusi mrefu, mwembamba, macho yamemtoka, hapepesi. Mwigizaji wake aliitwa Darby Jones. Hakuna damu hata tone. Kuna upepo, miwa, ngoma na yale macho.

Mwenzangu alipomwona aliniambia polepole, "Bwana Mwalimu, huyu tunamjua." Nami nilikuwa nimekwisha kumtambua. Kwetu angeitwa msukule: mtu ambaye ndugu zake wamezika na kulia, kumbe ameibwa, analimishwa usiku katika shamba la mwingine.

Filamu ikaisha. Mtangazaji akatuaga kwa upole, mwenzangu akabonyeza swichi, picha ikanywea ikawa nukta nyeupe katikati ya kioo, kisha ikapotea. Tukapanda chumbani, tukatumbukiza sarafu, tukachemsha chai. Tulicheka mpaka mama mwenye nyumba akagonga ukuta.

Sioni dhambi katika saa ile. Mtu anayejua kwamba yuko salama huogopa kwa hiari yake, kama anavyokula pilipili kwa hiari yake. Na watu wawili wakiogopa pamoja, kisha wakanywa chai pamoja, udugu wao huongezeka. Mwenzangu yule niliandikiana naye barua kwa miaka mingi.

Lakini lipo jambo la asubuhi yake ambalo sikulipa uzito wakati ule. Tulikuwa kituo cha basi, mtoto mdogo wa kizungu akatukazia macho, kisha akajificha nyuma ya gauni la mama yake. Mama akaona haya, akatuomba radhi. Tukacheka, kisha tukanyamaza wote wawili mpaka basi likaja. Msomaji, nakuomba ukumbuke tukio hilo, maana nalihitaji mbele.

Niliporudi nyumbani nilipangiwa shule moja ya bweni katika Kanda ya Ziwa. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, na maisha yalikuwa magumu. Sukari, sabuni na mafuta ya taa vilikuwa vya kutafutwa kwa tochi. Jenereta ya shule ilizimwa mapema, na Jumamosi usiku wanafunzi hawakuwa na la kufanya. Basi, ninapokuwa mwalimu wa zamu, nikawa nawakusanya katika bwalo, tunawasha chemli moja, nawasimulia filamu nilizoziona Ulaya. Walinipenda kwa hilo. Kuna raha kubwa kuona watoto 200 wakishusha pumzi pamoja kwa neno lako moja.

Chuoni tulifundishwa kanuni ambayo kila mwalimu anaijua: mtoe mwanafunzi kwenye lile analolijua, umpeleke kwenye lile asilolijua. Nikaifuata. Miwa ya Karibi nikaigeuza kuwa pamba, maana pamba ndiyo iliyotuzunguka. Kisiwa nikakifanya kijiji. Yule wa njiani nikamwita msukule, na kwa kuwa msukule lazima awe na mwenyewe, nikamtungia bibi mmoja mwenye shamba, anayekaa peke yake mwisho wa njia. Yale macho yaliyotoka nikampa bibi huyo, nikayafanya mekundu. Sehemu za polepole nikazikata, kwa sababu vijana hawana subira.

Sasa, nje ya lango la shule alikuwapo mama mmoja mzee aliyeuza karanga za kukaanga. Tulimwita Mayu, kama wanavyomwita mama kwa Kisukuma. Aliwakopesha walimu hadi mwisho wa mwezi bila kuandika popote. Alikaa na mjukuu wake mdogo katika nyumba ya nyasi ng'ambo ya shamba la pamba. Na macho yake yalikuwa mekundu, kama yalivyo macho ya wanawake wengi waliopikia moshi maisha yao yote.

Katika sehemu zile wako wanawake wazee waliouawa kwa ajili ya macho ya namna hiyo. Nililijua hilo. Hakuna mwalimu wa eneo lile ambaye hakulijua. Laiti ningesema kwamba nilimlenga Mayu, ningekuwa mtu mbaya na mambo yangeeleweka. Ukweli ni kwamba sikumfikiria kabisa. Nilifikiria hadithi, nikafikiria pumzi za wale watoto 200.

Kwanza wanafunzi wakaacha kununua karanga zake. Halafu siku moja ungo wake ukapinduliwa, na aliyeupindua hakujulikana. Halafu usiku mmoja paa la nyumba yake likashika moto. Alitoka na mjukuu wake wakiwa wazima. Asubuhi nilimkuta amesimama nje na sufuria moja mkononi, hasemi na mtu. Kabla ya juma kwisha alikuwa ameondoka, tuliambiwa amekwenda kwa kaka yake. Nilikuwa sijamlipa karanga za mwezi ule.

Waligundulika vijana wawili wa kidato cha tatu. Kamati ya nidhamu ikakaa, nami nikiwa mjumbe na mwandishi wa kumbukumbu. Mmoja wao akaulizwa kwa nini alifanya vile. Akajibu kwamba yule bibi anafuga misukule. Akaulizwa, nani aliyekuambia? Kijana akaniangalia. Hakuniangalia kwa ukali, aliniangalia kama anayengoja. Kisha akainamisha kichwa akasema, "Watu wanasema."

Nami nikaandika: watu wanasema.

Walifukuzwa shule wote wawili. Mimi baada ya miaka michache nilipandishwa cheo.

Kwa miaka hii yote nimejitetea moyoni kwa hoja tatu. Kwanza, hadithi ni hadithi, na asiyejua kuitenga na kweli ajilaumu mwenyewe. Pili, imani ya misukule haikuletwa na mimi. Ilikuwapo kabla sijazaliwa, na hata serikali ya kikoloni iliona haja ya kutunga sheria ya uchawi mwaka 1928. Tatu, waliowasha kiberiti ni wao. Hoja zote tatu zina ukweli ndani yake, na ndiyo maana zilinilaza usingizi kwa muda mrefu. Lakini zote zinamhusu msimulizi aliye mbali na wasikilizaji wake. Mimi sikuwa mbali. Mimi ndiye niliyeivuta hadithi kutoka Karibi nikaileta mpaka langoni kwa Mayu, kwa kanuni nzuri ya ualimu.

Kule Leeds hofu ilikuwa na swichi. Tuliibonyeza, ikazimika, tukajua kwamba imezimika. Katika bwalo letu sikuweka swichi. Nilipomaliza nilizima chemli, nikawaacha watoto wakatembee gizani mpaka mabwenini, na hadithi ikatembea nao. Hofu isiyo na mwisho hutafuta mtu wa kumkalia. Mwaka 1995, habari za popobawa zilipoenea Pemba na Unguja, watu walilala nje makundi makundi kwa kuogopa kuvamiwa na kiumbe wa usiku. Kabla hofu haijatulia, mtu mmoja mgonjwa wa akili alikuwa ameuawa na umati mjini Zanzibar kwa kudhaniwa ndiye. Popobawa hakukamatwa. Aliyekamatwa ni mtu asiye na wa kumtetea.

Nilipoitazama upya ile filamu ya 1943, nikiwa na miaka 76, niliona mambo mawili ambayo kijana wa miaka 28 alikuwa ameyapita mbio.

La kwanza ni yule mwendesha gari la farasi anayempokea muuguzi. Anamsimulia jinsi wazee wao walivyoletwa kisiwani na minyororo ndani ya meli. Baadaye tunaelezwa kwamba kwa sababu ya mateso hayo watu wa pale hulia mtoto anapozaliwa, na hushangilia mtu anapozikwa. Hapo ndipo filamu nzima ilipo. Wazo la zombi lilitoka Haiti, kwa watu waliotumikishwa mashambani kama watumwa mpaka walipoasi mwaka 1791 na kupata uhuru wao mwaka 1804. Kwa mtumwa, kifo kilikuwa ndiyo njia pekee ya kupumzika. Basi jambo la kutisha kuliko yote lilikuwa hili: kwamba hata baada ya kufa utaamshwa ukalime. Yule mtu mrefu aliyesimama kwenye miwa hamdhuru mtu yeyote tangu mwanzo wa filamu hadi mwisho. Yeye ndiye aliyedhurika. Nami, katika kusimulia, yule mwendesha gari nilikuwa nimemkata, kwa kuwa alikuwa sehemu ya polepole.

La pili ni yule mama mkwe, mjane wa mmisionari, anayeendesha zahanati. Watu hawakumtii alipowaeleza kwa lugha ya kitabibu, basi akagundua kwamba akijifanya miungu yao inasema kwa kinywa chake, watamtii. Alianza kwa nia njema kabisa, ili wagonjwa wapone. Lakini siku moja, kwa hasira, akasema kwa kinywa hicho hicho jambo la kumwangamiza mkwe wake. Nilipofika hapo nilimwomba mjukuu wangu aisimamishe kidogo, nikasingizia kiu. Nilikuwa nimemwona msomi mwingine aliyetumia imani ya watu kama chombo cha kazi, akadhani chombo kitamtii siku zote.

Sisemi filamu ile haina lawama. Mwenye uso wa kutisha alichaguliwa mtu mweusi, na sura yake ikatumiwa kuwashtua watu wasiomjua mtu mweusi mwingine yeyote. Ndiyo yaliyotukuta kituo cha basi: mtoto yule alikuwa ameokota hofu mahali, akatuvika sisi. Nami nilionja uchungu huo mwenyewe, tena ugenini, halafu nikarudi nyumbani nikamvika Mayu. Hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwamba sikuwa na kisingizio cha kutojua.

Je, nimeacha kuzipenda? La. Bado naona mtu ana haki ya kutisha na kutishwa kwa burudani, lakini kwa masharti. Anayetishwa awe amekubali. Mwisho wa mchezo ujulikane, taa ziwashwe, watu wanywe chai. Na sura ya hofu isiwe ya mtu halisi anayekaa jirani, ambaye hana wa kumsemea. Masharti mawili ya kwanza ni ya adabu tu. La tatu ndilo la uhai na mauti.

Kisha naongeza jambo moja kwa walimu wenzangu na kwa bibi na babu wanaosimulia. Hadithi ya kutisha iliyo njema hubeba vitu viwili, hofu na huruma, na mara nyingi huruma imewekwa kwenye zile sehemu za polepole. Mimi nilichukua hofu nikaacha huruma, kwa sababu hofu ndiyo iliyonipatia makofi. Ningemsimulia yule mwendesha gari, pengine kijana mmoja kati ya wale 200 angejiuliza ni nani hasa aliyeonewa. Sina hakika. Lakini ilikuwa kazi yangu kumpa nafasi ya kujiuliza.

Filamu tuliyoimalizia na mjukuu wangu ilikuwa ile ya karatasi. Alipoona mtu anahangaika kuirudisha kwa aliyempa, na yule anakimbia asiguswe nayo, alicheka sana. Mimi nilimkumbuka yule kijana wa kidato cha tatu jinsi alivyoniangalia. Alikuwa ananirudishia karatasi yangu, kwa heshima, bila kunitaja mbele ya wakubwa. Alingoja niipokee, nami nikaendelea kuandika.

Leo atakuwa mtu mzima mwenye wajukuu, kama yu hai. Mayu, kwa umri wake wa wakati ule, hayupo tena. Sijui wa kumlipa zile karanga. Nimeandika haya ili angalau karatasi iwe mikononi mwa mwenyewe.